Kamera Ipi Ninunue Kabla ya Kumwoa Epifania?

Mpendwa Shangazi Edith,

Shikamoo, na pole na kazi ya kusoma shida za watu kila wiki. Naomba msaada wako, na naomba uniharakishie, kwa sababu gazeti lenu hutufikia hapa Sumbawanga likiwa na umri wa siku tatu, na barabara ikiharibika siku sita, na jambo langu limekwisha kukawia vya kutosha. Naomba pia usilitoe jina langu la ukoo, maana mimi ni mtu ninayefahamika mjini na katika vituo vyote vya kununulia mahindi mpaka Laela.

Kwanza nijieleze ili usinidhanie mhuni. Nina umri wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Kaengesa, Mkatoliki, sinywi pombe ya kupitiliza, na kazi yangu ni kupima ubora wa mahindi kwa mfanyabiashara mmoja wa nafaka, yaani tangu watu binafsi waliporuhusiwa kununua mazao mimi ndiye ninayetangulia na bambo langu, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia, nachoma juu, nachoma katikati, nachoma chini, namwaga punje kiganjani, natazama, nanusa, natafuna, ndipo nasema gunia lipokelewe au lirudi lilikotoka, na wakulima wamejaribu kila hila, wengine huweka mahindi mazuri juu na yaliyobunguliwa chini, lakini nimewahi kukosea mara moja tu, na hiyo nitaieleza.

Tabia hii ya kupima sikuzaliwa nayo, Shangazi. Mwaka 1993, bidhaa zilipoanza kumwagika Tunduma, nilinunua redio kaseti ikiwa ndani ya boksi lake, limefungwa nailoni, lina picha ya mzungu anacheza, nikalipakata ndani ya basi mpaka nyumbani, nikaita majirani, mama akapika, nikalifungua mbele yao wote, tukakuta tofali. Tofali la kuchoma, limeviringishwa gazeti vizuri kabisa. Kwa miaka mitatu niliitwa Isdori Tofali, hata na watoto wa komunyo ya kwanza, na siku ile niliapa kwamba sitanunua tena kitu nisichokijua ndani na nje.

Sasa shida yenyewe. Mwaka juzi nilimchumbia Epifania, binti wa Mzee Fransisko wa Laela. Tulifahamiana nilipokataa magunia manne ya baba yake, akaja yeye mwenyewe na kitenge kimejaa makapi, akaniambia, "Kaka, hilo la pili lichome tena, ila safari hii uchome macho yakiwa wazi," nikachoma huku nikitabasamu, nikakuta kweli mahindi ni mazuri, na hilo ndilo kosa langu moja. Nilirudi Laela mara tatu mwezi ule bila kazi yoyote. Posa ikapelekwa na mshenga wangu Mzee Adolfu, na kwa ukoo wetu posa hutanguliwa na jembe lililofungwa kitenge kipya, baba wa binti akilipokea ndipo mengine yote yanazungumzwa, nalo likapokelewa, mahari nikamaliza, na Padre Leonidas akaitangaza ndoa Jumapili ya kwanza, ya pili na ya tatu, na hakuna aliyesimama kuweka pingamizi.

Pingamizi nilikuwa nalo mwenyewe, kwa sababu nilikwisha kuahidi mbele ya kamati ya harusi kwamba harusi yetu itachukuliwa video, kwa kamera yangu mimi na si ya kukodi, ili watoto wetu waje waione, na kamera nilikuwa bado sijaichagua.

Hapo nikaanza kulinganisha, na naomba unifuate vizuri maana ndipo ninapotaka ushauri wako. Kuna kamera ya begani, kubwa kama mzinga, inatumia mkanda uleule wa deki ya video, ukimaliza kurekodi unauchomoa na watu wanajitazama palepale, lakini ni nzito, na mpigaji akichoka bega harusi yote inaanza kuinama upande mmoja. Kuna ya mkononi, mkanda wake mdogo kama wa kaseti, picha safi sana, lakini mkanda huo hauingii kwenye deki, lazima uiunganishe kamera yenyewe kwa waya, na ukipoteza waya umepoteza harusi. Kuna ya katikati, mkanda wake mdogo unavalishwa koti la mkanda mkubwa ndipo uingie kwenye deki, wazo zuri, lakini unachukua nusu saa tu, na nusu saa katika harusi zetu hata bibi harusi hajashuka garini. Yote haya nimeyaandika katika daftari kubwa la kaunta, nimepiga mistari: uzito, betri, kuvuta karibu, kuona mahali penye mwanga hafifu, maiki, na nafasi ya maoni.

Nimekwenda Tunduma mara nne na Mbeya mara mbili. Duka moja nilikaa na saa mkononi nikisubiri betri iishe, mwenye duka alisema inadumu saa nzima, ikaisha dakika ya arobaini na moja, nikaandika, akanifukuza. Binamu yangu Flavian aliniletea kitabu cha bidhaa cha Ujerumani alichopewa na mapadre, Sista mmoja anayejua lugha ile akanitafsiria kurasa mbili za kamera kwa moyo wote, ya tatu ikawa nguo za ndani za kike, akakifunga, na mpaka leo sijajua zile kamera za ukurasa wa nne zina sifa gani.

Harusi ya kwanza ilikuwa iwe mwaka jana mwezi wa tisa. Niliiahirisha kwa sababu mfanyabiashara wa Tunduma aliniambia kuna aina mpya inakuja, ina kioo cha pembeni kinachofunguka kama dirisha, nikaona si busara kununua ya zamani wiki mbili kabla ya mpya kufika, kisha zikaja zile mvua kubwa barabara ikakatika, na matangazo ya ndoa yakachacha. Padre akaanza upya mwaka huu baada ya Pasaka. Nikaahirisha kwa sababu ya betri. Na sasa, mwezi huu, nimesikia kuna kamera za dijitali, zinasemekana hata mkanda ukirudiwa mara mia picha haichoki, kwa hiyo nimeomba tusogeze mpaka Pasaka ijayo. Fedha ipo, Shangazi, usidhani nakwepa. Mama yangu Cornelia ananiambia, "Baba yako alinioa bila hata picha ya pasipoti, na sura yake siku ile naijua mpaka leo," lakini mama ni mtu wa zamani. Vijana wa banda la video wao wananisalimia, "Mambo, Mtaalamu! Imepatikana?" Nawajibu poa, napita.

Katika utafiti wangu nimesaidiwa sana na kijana mmoja anaitwa Amos Mboje, Msukuma, wazazi wake walihamia na ng'ombe wao upande wa Laela miaka mingi iliyopita, wanafuga na kulima. Huyu aliuza madume mawili, akaenda Tunduma asubuhi, akarudi jioni na kamera ya begani iliyokwisha kutumika. Nilimwuliza, "Ulijuaje kama ni nzima?" Akanijibu, "Nilimwuliza, inafanya kazi? Akasema inafanya. Akaiwasha, nikajiona. Sasa nilinganishe nini tena, kaka?" Nilimwonea huruma. Lakini ndiye anayechukua video zote kuanzia Laela mpaka huku, harusi, kipaimara, uzinduzi wa mashine za kusaga, na ni mtu mkarimu, nilipomwomba mikanda yake niipime ubora alinipa yote kumi na mmoja, akaifunga kwa kamba mwenyewe, akanishika mkono, akaniambia, "Itazame yote, kaka Isdori. Usiruke."

Nimeitazama yote, na hapa, Shangazi, ndipo nilipochanganyikiwa, kwa sababu kamera ile kuukuu ina uwezo ambao haumo katika kitabu chochote. Inamtafuta Epifania yenyewe. Katika harusi ya Rahel, jirani yao wa Laela, imempata amebeba sinia la wali katikati ya watu mia tatu. Katika kipaimara imempata mstari wa tatu wa kwaya, ikamvuta karibu mpaka nikaweza kuuona ule upele mdogo wa kidevuni. Katika uzinduzi wa mashine, mgeni rasmi akiwa katikati ya hotuba, kamera inamwacha mgeni rasmi inakwenda kwa Epifania aliyekaa chini anang'oa majani yaliyonasa kwenye kitenge chake, inakaa naye dakika mbili kamili bila kutikisika. Niliandika: haitetemeki. Halafu inasikika sauti ya Amos nyuma ya kamera, chini kabisa, "Epi, tazama huku," naye anajibu, "Mkanda si utaisha?" na Amos anasema, "Uishe." Niliandika: maiki inanasa hata sauti ndogo. Na Epifania akainua uso akaitazama kamera akacheka, kicheko ambacho mimi binafsi sijawahi kukiona ana kwa ana. Pale nilirudisha mkanda nyuma mara nne ili kuhakikisha rangi. Niliandika: rangi ni za kweli.

Amos amejitolea kutuchukulia harusi yetu bure, nikakataa kwa heshima kwa sababu kamera yake ni dhaifu penye mwanga hafifu, na kanisa letu madirisha ni madogo. Epifania alikuwepo, akasikia yote. Nadhani mwenyewe Amos ameliona tatizo hilo, maana siku hizi anahudhuria mafundisho ya dini parokiani Laela kila Jumamosi, bila shaka ili auzoee mwanga wa ndani ya kanisa, jambo ambalo hata mimi nilipaswa kulifikiria.

Nilipomweleza Epifania habari ya Pasaka ijayo hakugomba kama mara ya kwanza, wala hakulia kama mara ya pili. Alisema, "Sawa." Akarudia, "Sawa, Isdori," akaniletea maji ya kunywa, kwa hiyo najua amenielewa. Wiki iliyopita Mzee Adolfu ameniletea lile jembe la posa, anasema Mzee Fransisko amelirudisha na kitenge chake, eti pale kwake linashika kutu, likae kwangu mpaka nitakapokuwa tayari. Nimeshukuru, maana ni kweli nyumba yao inavuja.

Swali langu, Shangazi, ni hili: ninunue ya begani kama ya Amos, au ya mkononi, au nisubiri ya dijitali? Na je, unafahamu ni kitufe gani kinachoifanya kamera imtafute mtu mmoja katika umati? Amos nimemwuliza, akainamisha kichwa, akasema hakuna kitufe.

Wako mtiifu,
Isdori, Sumbawanga.

*

SHANGAZI EDITH ANAJIBU

Marahaba, Isdori. Jina la ukoo nimelificha kama ulivyoomba. Hayo mengine siwezi kukufichia: mpima mahindi mwenye bambo mkono huu na daftari la kamera mkono ule yuko mmoja tu hapo Sumbawanga, na gazeti likishuka kwenye basi watu watakusoma kabla hujajisoma mwenyewe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka mwenzangu wa meza ya michezo akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilisoma peke yangu, na sikucheka.

Umeuliza kuhusu kamera, basi nakujibu kamera ili usije ukasema nimekwepa. Zote tatu zinarekodi. Ya begani ingekufaa mwaka jana, ya mkononi ingekufaa mwaka huu baada ya Pasaka, na hiyo ya nusu saa ingetosha kabisa kumwonyesha mtoto wako mama yake akivishwa pete, maana kuvishwa pete hakuchukui nusu saa. Hiyo ya dijitali isubiri ukitaka, lakini ikifika utaambiwa kuna nyingine inayoifuata nyuma. Ndivyo biashara ya sasa ilivyo, kaka yangu. Zamani tulipanga foleni kwa sababu hakuna kitu dukani, leo wewe umejipangia foleni peke yako mbele ya duka lililojaa.

Sasa tuje kwenye kamera inayomtafuta Epifania yenyewe. Mtambo huo haupo, Isdori. Wajapani hawajautengeneza, na Sista hata angekitafsiri kitabu kizima, na nguo za ndani zake, asingeukuta. Kamera haina shingo. Inageuzwa na mtu, na mtu hugeukia anachotaka kukitazama. Amos alikuambia kweli tupu aliposema hakuna kitufe, na aliinamisha kichwa kwa sababu wewe ulikuwa unamtazama usoni na bado unauliza kitufe.

Wala usikimbilie kumwita mwizi. Mwizi huficha. Huyu alikupa mikanda yote kumi na mmoja, akaifunga kwa mkono wake, akakwambia usiruke. Mwanaume anayempenda mchumba wa mwenzake na akataka kumwiba asingemkabidhi mwenzake ushahidi. Kijana wa watu alishindwa kukwambia kwa mdomo, akakwambia kwa njia aliyoiweza, halafu akangoja uje na hasira, au uje na machozi, au uje na tarehe ya harusi. Wewe ukaja na maoni juu ya maiki.

Na usiniambie hukuona. Umeandika mwenyewe kwamba pale alipocheka ulirudisha mkanda mara nne. Rangi haipimwi mara nne. Mtu hurudisha mkanda mara nne kwa sababu kifua kimembana na hataki kukubali kwa nini. Uliona mara ya kwanza, na mara tatu zilizofuata ulikuwa unajaribu kutokuona. Mimi nakupa pole kwa hilo, na pole hii ni ya kweli, maana najua ilikuuma na hukuwa na safu ya kuliandika.

Nalijua pia tatizo lako, na si ujinga. Ni lile tofali. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ulichekwa na mtaa mzima mwaka tisini na tatu, na tangu siku hiyo umejiwekea kwamba mtu asiyenunua hawezi kuchekwa. Unalinganisha kamera, lakini unachokiogopa ni kufungua boksi mbele ya watu. Na boksi kubwa kuliko yote ambayo mtu hufungua mbele ya watu ni ndoa. Hakuna bambo la kuichoma ndoa juu, katikati na chini. Wote tulioolewa tumeingia gizani, wengine tumekuta redio, wengine tumekuta tofali, na wengi wetu tumekuta vyote viwili kwa zamu.

Lakini hapa sasa nakugombeza, na unisikilize vizuri. Wewe ulichekwa kwa sababu ya redio. Umewahi kujiuliza nani anachekwa sasa? Matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani Jumapili sita, jina lake likitajwa pamoja na lako, na mara zote mbili yamechacha. Wewe Jumapili hizo ulikuwa Tunduma na saa mkononi. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi. Yeye ndiye aliyekwenda kisimani kesho yake. Yeye ndiye aliyebeba wali katika harusi ya Rahel na ya wengine, akaulizwa na kila mama mwenye mdomo, "Na yako lini, mwanangu?" Umeeleza sura ya kila kamera mpaka uzito wake. Nimetafuta katika barua yako yote mahali ambapo umemwuliza Epifania anataka nini. Sikupaona. Kidevu chake chenyewe umekiona vizuri kwa sababu ya kamera ya mwenzako.

Mara ya kwanza aligomba. Mwanamke anayegomba bado yumo ndani ya nyumba. Mara ya pili alilia, na anayelia bado yuko mlangoni. Mara ya tatu amesema "Sawa" akakuletea maji. Isdori, hayo ni maji anayopewa mgeni.

Kuhusu jembe, mimi si Mfipa wala si mtu wa ukoo wenu, na sitaki kujifanya mjuzi wa mila za watu. Lakini pale uliposema jembe limerudishwa kwa sababu ya kutu, nilimwendea kijana wetu wa mapokezi ambaye ni mtu wa Kate, hukohuko Ufipa, nikamsomea hapo tu. Aliweka kikombe cha chai chini. Akauliza, "Na kitenge nacho kimerudi?" Nikamwambia kimerudi. Akasema, "Mungu wangu," akatoka nje kwanza. Mzee Fransisko ni muungwana. Amekuacha kwa maneno mazuri ili usiaibike mbele ya mshenga. Wewe umemshukuru na kusingizia paa.

Basi nakwambia la kufanya, na ulifanye kama ulivyosoma, usilifungulie daftari.

Gazeti likikufikia leo, kesho asubuhi panda basi la kwanza la kwenda Laela. Usiende na kitabu cha Mjerumani. Usiende na jembe, maana ukilirudisha bila kuitwa utamletea mzee wa watu kesi. Usimtume Mzee Adolfu. Ameshabeba vya kutosha. Fika kwa Mzee Fransisko, mwamkie, omba radhi kwa kinywa chako kwa Jumapili sita, na usitaje betri. Kisha omba ruhusa ya kuzungumza na Epifania hapo hapo uani, watu wakiwaona. Mwulize swali moja tu: bado unanitaka? Ukimaliza kuuliza nyamaza. Hata akinyamaza dakika kumi, nawe nyamaza, usimjazie maneno.

Akisema ndiyo, usishukuru kupita kiasi, nendeni siku ileile kwa Padre Leonidas mwombe Jumamosi ya karibu inayowezekana, na harusi hiyo ipite bila video ya aina yoyote. Aliyekuja atahadithia, asiyekuja atahadithiwa. Kama ahadi yako kwa kamati inakuuma, iambie kamati kwamba Shangazi Edith amekukataza, nami nitaibeba lawama.

Akisema hapana, usimwulize kwa nini, kwa sababu jibu unalo kwenye mikanda kumi na mmoja. Usigombe na Amos. Usizungumzie mahari siku hiyo. Hayo yana wazee wake na wakati wake. Mwambie Epifania asante kwa kunisubiri, neno hilo na si lingine, kisha urudi kwenu ukalie kwa mama Cornelia. Ni mama, atajua la kukupikia.

Na kama barua hii nayo utaiweka kwenye daftari uilinganishe na ushauri wa magazeti mengine, halafu ukafika Laela mwakani, siku ya Jumamosi, ukakuta turubai limefungwa uani kwa Mzee Fransisko na sufuria ziko mafigani, usigeuze njia. Ingia, amkia wazee, kaa unapoonyeshwa. Bwana harusi hawezi kujichukua video mwenyewe, kwa hiyo watatafuta mtu wa kuishika ile kamera, na hapo kwenu wote wanajua nani anazifahamu kamera kuliko yeyote. Wakikuita, nenda. Itakuwa ni mara yako ya kwanza kumtazama Epifania siku nzima.